Anna Sewell: Mwandishi Aliyempa Farasi Ulimi

Anna Sewell alikuwa na umri wa miaka 14 mvua ilipomkuta njiani akitoka shuleni. Aliteleza, akaanguka, akaumia vibaya vifundo vya miguu yote miwili. Matibabu hayakufua dafu. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuweza kusimama bila mkongojo wala kutembea kwa muda mrefu. Alipotaka kwenda popote ilimbidi apande gari dogo la kuvutwa na farasi. Miguu minne ya mnyama yule ikawa miguu yake.

Alikuwa amezaliwa tarehe 30 Machi 1820 mjini Great Yarmouth, katika jimbo la Norfolk, Uingereza, na kulelewa katika dhehebu la Quaker. Mamake, Mary Wright Sewell, alikuwa mtunzi wa mashairi ya kuwafunza watu wa kawaida, na mashairi hayo yalisomwa na wengi. Anna ndiye aliyekuwa mhariri wake. Yaani kwa miaka mingi bintiye alikuwa akipima na kupunguza maneno ya mwingine, ilhali yeye mwenyewe hajachapisha chochote. Huenda mtindo wake mwepesi, usio na madoido, ulikomazwa huko.

Alianza kuandika riwaya yake ya pekee, Black Beauty, mwaka wa 1871, akiwa Old Catton karibu na jiji la Norwich. Kufikia wakati huo ugonjwa ulikuwa umemlaza. Siku za nafuu aliandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, naye mamake akavinakili. Siku za udhaifu alimsomea mamake maneno tu. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka sita. Ilichapishwa mwezi wa Novemba 1877 na kampuni ya Jarrold ya Norwich, iliyoinunua kwa malipo ya mara moja. Miezi mitano baadaye, tarehe 25 Aprili 1878, Anna aliaga dunia.

Upekee wa riwaya hii umo katika msimulizi wake. Farasi mweusi anasimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza, toka malishoni alikozaliwa hadi uzeeni. Ukurasa wa jina wa toleo la kwanza ulidai hata kwamba kitabu kimetafsiriwa kutoka lugha ya farasi! Msomaji asidhani hii ni tashihisi ya ngano zetu za Sungura na Fisi, ambamo mnyama ni binadamu aliyevishwa manyoya. Farasi wa Sewell hubaki farasi: hajui kesho atauzwa kwa nani, na kila mnunuzi mpya aweza kumbadilishia jina. Anachokijua ni mkono ulioshika hatamu, kama ni mpole au mkatili.

Mwandishi alikusudia kuwafunza wale waliofanya kazi na farasi. Zama zile matajiri walipenda farasi wao watembee vichwa juu, basi wakawafunga hatamu fupi iliyowazuia kuinama. Mnyama aliyefungwa hivyo hupumua kwa taabu, na akipanda mlima hawezi kuutumia uzito wa mwili wake kuvuta mzigo. Riwaya ilichangia pakubwa kuifanya desturi hiyo ichukiwe. Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi ya Anna, mamake aliwaona farasi wa msafara wamefungwa hatamu hizo, akaamuru wafunguliwe kwanza.

Sinema ilipokuja, kitabu kilikuwa tayari kimeenea Uingereza na Marekani. Lakini kamera humtazama farasi kutoka nje, nayo riwaya ilikuwa imemtazama kutoka ndani. Filamu ya 1921 ilikuwa ya enzi za sinema bubu. Ile ya 1946 ikampa msichana nafasi ya kati, farasi akawa kipenzi chake. Mwaka wa 1971 James Hill, ambaye awali alikuwa ameongoza Born Free (1966), filamu ya simba Elsa iliyopigwa hapa Kenya, alitoa yake, akaongeza visa ambavyo Sewell hakuviandika, ukiwemo mkasa wa sarakasi. Filamu hizo zilisisimua, ila mwenye kisa alikuwa amenyang'anywa kisa chake.

Ulimi ulirejeshwa mwaka wa 1994. Caroline Thompson, akiongoza filamu kwa mara ya kwanza, alimwacha farasi asimulie kwa sauti ya mwigizaji Alan Cumming. Midomo ya mnyama haichezi. Maneno husikika juu ya picha, kama mawazo. Kwa hiyo Ginger, farasi jike mwenzake aliyechoshwa na kazi, anapoonekana maiti mkokotenini jijini London, mtazamaji hupata uchungu kupitia kwa rafiki aliyesalia. Hapo filamu na riwaya zinakutana kabisa.

Filamu ya 2020 iliyoongozwa na Ashley Avis ilikihamishia kisa Marekani ya leo na kumgeuza mhusika kuwa farasi jike wa mwituni. Mabadiliko hayo ni makubwa. Hata hivyo sauti haikuondolewa: farasi bado anajisimulia, safari hii kwa ulimi wa Kate Winslet.