Tupac Shakur: Maisha mafupi kati ya jukwaa na gereza

SIKU ya Ijumaa, Septemba 13, 1996, mwanamuziki Tupac Amaru Shakur alifariki dunia katika hospitali ya University Medical Center mjini Las Vegas, Marekani, akiwa na umri wa miaka 25. Alikuwa amelazwa kwa siku sita baada ya kupigwa risasi nne akiwa ndani ya gari usiku wa Septemba 7.

Kifo hicho ndicho ambacho wengi hukikumbuka kwanza linapotajwa jina lake. Hata hivyo, habari za msanii huyo zilianzia mahakamani, kabla hajazaliwa. Kesi na magereza vilimfuata tangu tumboni mwa mama yake, kama ambavyo mashairi na maigizo navyo vilimfuata tangu utoto.

Mtoto wa mwanaharakati

Mama yake, Afeni Shakur, ambaye awali aliitwa Alice Faye Williams, alizaliwa mwaka 1947 katika Jimbo la North Carolina na baadaye kuhamia New York. Huko alijiunga na Chama cha Black Panther, kilichoanzishwa mwaka 1966 mjini Oakland, California, kutetea haki za Wamarekani weusi, na ambacho kiliandamwa vikali na polisi pamoja na Shirika la Upelelezi la nchi hiyo, FBI.

Aprili 1969, Afeni alikuwa miongoni mwa wanachama 21 walioshitakiwa kwa madai ya kula njama za kulipua vituo vya polisi na majengo mengine jijini New York. Hakuwa amesomea sheria, lakini aliamua kujitetea mwenyewe. Sehemu ya kesi hiyo aliipitia akiwa mahabusu, tena mjamzito. Mei 13, 1971, yeye na wenzake waliokuwa kizimbani waliachiwa huru baada ya kuonekana hawana hatia katika mashitaka yote, ambayo yalizidi 150.

Mwezi mmoja baadaye, Juni 16, 1971, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo awali aliitwa Lesane Parish Crooks, kisha mama yake akampa jina la Tupac Amaru, kumuenzi kiongozi wa wenyeji wa Peru aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa Wahispania na kuuawa mwaka 1781.

Waliomzunguka mtoto huyo walikuwa wanaharakati watupu. Baba yake wa kambo, Mutulu Shakur, alisakwa na FBI kuanzia mwaka 1982 kwa tuhuma za kuhusika na uporaji wa kutumia silaha ambamo watu watatu waliuawa. Alikamatwa mwaka 1986 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 60. Mtu aliyechaguliwa kuwa baba yake wa ubatizo, Elmer Pratt, maarufu kwa jina la Geronimo, alikuwa tayari yupo mahabusu Tupac alipozaliwa.

Hip hop nayo ilizaliwa katika jiji hilo hilo, Tupac akiwa na umri wa miaka miwili. Agosti 1973, katika eneo la Bronx, kijana mhamiaji kutoka Jamaika, Clive Campbell, maarufu kwa jina la Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ambayo wengi huitaja kuwa mwanzo wa miondoko hiyo. Jamaika ilikuwa na desturi ya kufunga spika kubwa mitaani na kughani maneno juu ya mdundo. Vijana wa Bronx waliipokea desturi hiyo, wakaigeuza kwa lugha na maisha yao. Hivyo, tangu siku zake za mwanzo hip hop ilikuwa muziki unaovuka mipaka ya nchi.

Shule ya sanaa

Tupac alianza kwa uigizaji. Akiwa bado mtoto, alishiriki katika igizo la A Raisin in the Sun katika ukumbi maarufu wa Apollo, Harlem. Mwaka 1984 familia ilihamia Baltimore, ambako baadaye alipata nafasi katika shule ya sanaa ya mji huo. Huko alijifunza uigizaji, ushairi, muziki wa jazi na hata dansi ya baleti, akacheza katika tamthilia za Shakespeare. Mmoja wa marafiki zake wa karibu shuleni hapo alikuwa Jada Pinkett, ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji wa kimataifa.

Mwaka 1988, kabla hajamaliza masomo, familia ilihama tena, safari hii kwenda Marin City, California. Wakati huo umaskini ulikuwa umewabana na mama yake alikuwa ametopea katika matumizi ya kokeni. Mwanamke aliyewahi kuishinda serikali mahakamani alikuwa sasa akishindwa na dawa za kulevya mbele ya macho ya mwanawe. Aliachana nazo miaka michache baadaye.

Tupac aliingia katika muziki kupitia kundi la Digital Underground la Oakland, akianza kama mbeba vyombo na mnenguaji. Sauti yake ilisikika kwa mara ya kwanza katika wimbo wa kundi hilo uliotoka mwaka 1991. Novemba mwaka huo huo alitoa albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now, iliyozungumzia ukatili wa polisi, umaskini na mimba za utotoni. Mwaka 1992 Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, aliishutumu albamu hiyo hadharani, baada ya kijana mmoja wa Texas kumuua askari polisi na mawakili wake kudai kwamba nyimbo hizo zilimchochea.

Umaarufu na misukosuko

Mwaka 1992 Tupac aling'ara katika filamu ya Juice, akiigiza kijana anayelewa nguvu ya bunduki hadi kuwageuka rafiki zake. Mwaka uliofuata alicheza filamu ya Poetic Justice pamoja na Janet Jackson, na pia alitoa wimbo Keep Ya Head Up, wa kuwatia moyo wanawake wanaolea watoto peke yao.

Lakini katika miaka hiyo hiyo sura ya kijana wa filamuni ilianza kuonekana katika maisha yake halisi. Agosti 1992, katika tamasha mjini Marin City, ulizuka ugomvi kati ya kundi lake na vijana wa eneo hilo. Risasi zilifyatuliwa na mtoto wa miaka sita, aliyekuwa akipita na baiskeli, akapoteza maisha. Bunduki iliyohusika ilikuwa imesajiliwa kwa jina la Tupac. Hakushitakiwa kwa jinai, na madai ya familia ya mtoto huyo yalimalizwa kwa malipo ya fidia.

Novemba 1993 alishitakiwa jijini New York kwa madai ya kumdhalilisha kijinsia mwanamke mmoja hotelini. Novemba 30, 1994, kesi ikisubiri uamuzi, alivamiwa na kuporwa kwenye lango la studio ya Quad huko Manhattan, akapigwa risasi kadhaa. Siku iliyofuata alifika mahakamani akiwa katika kiti cha magurudumu, amefungwa bandeji, na siku hiyo alitiwa hatiani kwa baadhi ya mashitaka. Februari 1995 alihukumiwa kifungo cha kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne na nusu. Alikana kosa hilo hadi kufa kwake.

Machi 1995, akiwa gerezani, albamu yake Me Against the World iliingia sokoni na kushika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani. Ndani yake umo wimbo Dear Mama, ambao hauuficha uraibu wa Afeni, lakini unamshukuru kwa kumlea katika dhiki. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa umuhimu wake kwa taifa.

Mkataba wa gerezani

Gerezani huko Tupac alisoma sana, vikiwamo vitabu vya Machiavelli, mwanafalsafa wa siasa wa Italia, ambaye jina lake aliligeuza kuwa Makaveli. Lakini hakuwa na fedha za dhamana. Aliyemwendea alikuwa Suge Knight, mkuu wa kampuni ya Death Row ya Los Angeles. Oktoba 12, 1995 Tupac alitoka nje akisubiri rufaa, kwa dhamana ya dola milioni 1.4, baada ya kukubali kurekodi albamu tatu kwa kampuni hiyo.

Hapo ndipo kasi yake ilipokosa breki. Februari 1996 alitoa All Eyez on Me, albamu ya santuri mbili, ambayo mwaka 2014 ilitunukiwa hadhi ya almasi kwa kufikia mauzo ya milioni 10, kwa utaratibu wa Marekani unaohesabu santuri mbili kuwa nakala mbili. Wakati huo huo alitangaza uhasama na Notorious B.I.G. wa New York, aliyewahi kuwa rafiki yake, akimshuku kuhusika na shambulio la Manhattan. Notorious alikana, lakini ugomvi wa wasanii wawili ulikuzwa ukawa ugomvi wa pwani mbili za Marekani.

Septemba 7, 1996 Tupac alikwenda Las Vegas kushuhudia Mike Tyson akimtwanga Bruce Seldon katika pambano la ndondi lisilofika dakika mbili. Baada ya pambano, yeye na wenzake walimshambulia kwa ngumi na mateke Orlando Anderson, kijana wa genge hasimu, katika ukumbi wa hoteli. Saa chache baadaye, gari aina ya BMW lililoendeshwa na Knight likiwa limesimama kwenye taa za barabarani, gari jeupe aina ya Cadillac lilisogea kando yake na risasi zikamiminika.

Notorious naye aliuawa kwa risasi Los Angeles Machi 9, 1997. Anderson, aliyekana kuhusika na mauaji ya Tupac, aliuawa katika tukio jingine mwaka 1998. Mtu wa kwanza kushitakiwa kwa mauaji ya Tupac, Duane Davis, mjomba wa Anderson, alikamatwa Septemba 2023, miaka 27 baada ya tukio. Alikana mashitaka.

Sauti iliyovuka bahari

Baada ya msiba, Afeni alisimamia kazi ambazo mwanawe aliziacha, zikiwamo mashairi ya ujana wake yaliyochapishwa kitabuni mwaka 1999, hadi yeye mwenyewe alipofariki dunia Mei 2016.

Nje ya Marekani, kila nchi ilimchukua Tupac kwa namna yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika vita vya Sierra Leone, wapiganaji wa makundi yenye silaha walionekana wamevaa fulana zenye picha yake. Nchini Tanzania na Kenya sura yake ilichorwa kwenye daladala na matatu na kwenye kuta za vinyozi. Katika miaka hiyo hiyo, makundi kama Kwanza Unit la Dar es Salaam na Kalamashaka la Dandora, Nairobi, yaliufanya muziki wa kufokafoka useme Kiswahili na kueleza shida za mitaa yao.

Kuna kiungo kingine na Afrika Mashariki ambacho hakichorwi kwenye magari. Geronimo Pratt, yule baba wa ubatizo, alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1970 na kutiwa hatiani kwa mauaji ya mwaka 1968. Juni 1997 aliachiwa huru, baada ya jaji kubaini kwamba upande wa mashitaka ulificha habari kuhusu shahidi wake muhimu, aliyekuwa mtoa habari wa polisi. Alikuwa amekaa kifungoni miaka 27. Maisha yote ya Tupac, tangu kuzaliwa hadi kufa, yalipita Pratt akiwa ndani.

Hatimaye Pratt alihamia Tanzania, akaishi katika kijiji cha Imbaseni, mkoani Arusha. Hapo, mwaka 1991, Mmarekani mwenzake wa Black Panther, Pete O'Neal, na mkewe Charlotte walikuwa wameanzisha kituo cha jamii kinachofundisha vijana masomo na sanaa, muziki ukiwamo. Pratt alifariki dunia kijijini hapo Juni 2, 2011, akiwa na umri wa miaka 63.

Mzee huyo alipata miaka 14 ya uhuru baada ya gereza. Tupac alipata miezi 11.