Soichiro Honda: Mtoto wa mhunzi aliyeipa dunia pikipiki ndogo

KWA mkulima wa pamba wa Bukundi, mkoani Simiyu, pikipiki ni chombo cha kazi. Hubeba mbegu, abiria na hata mgonjwa. Mmoja wa waliozifanya pikipiki ndogo zienee duniani ni Soichiro Honda, fundi asiyerithi mtaji wowote.

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na Hamamatsu, Japani. Baba yake alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji, na mwaka 1928 akarudi Hamamatsu kufungua tawi lake.

Mwaka 1937 aliingia katika utengenezaji wa ringi za pistoni. Ringi za mwanzo zilikuwa hafifu. Hakukata tamaa, bali alirudi darasani akiwa mtu mzima kujifunza elimu ya vyuma, hadi Toyota ikazinunua. Mabomu ya vita na tetemeko la ardhi la 1945 viliharibu viwanda vyake, akauza kilichobaki.

Mwaka 1946 usafiri ulikuwa wa taabu. Honda alichukua injini ndogo za jenereta zilizoachwa na jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Wateja wakamiminika. Kampuni ya Honda ikaanzishwa Septemba 1948.

Mwaka 1949 alimpata Takeo Fujisawa, akamwachia fedha na masoko, yeye akabaki na spana. Mwaka 1952 Fujisawa aliwaandikia barua wauza baiskeli nchi nzima, na maelfu wakakubali kuwa mawakala.

Mwaka 1954 kampuni ilinusurika kufilisika, kwani ilinunua mitambo ghali huku mauzo yakishuka. Fujisawa aliwaomba waliowauzia vipuri wasubiri malipo, nao wakakubali kwa kuwa walimwamini.

Mwaka 1958 ilitoka Super Cub, na mwaka 1959 Benly CB92, pikipiki nyepesi ya cc 125 yenye silinda mbili. Mwaka huohuo pikipiki zao za mashindano za cc 125, nazo za silinda mbili, zilishika nafasi ya sita katika Kisiwa cha Man, kulikojaa wapinzani wazoefu. Mwaka 1961 zikashinda.

Honda alistaafu mwaka 1973, akafariki Agosti 5, 1991. Mfanyabiashara mdogo akumbuke kwamba ufundi peke yake hautoshi. Kinachohitajika pia ni mshirika mwaminifu na jina jema kwa wanaokukopesha.