Baden-Powell, Kambi na Mtoto Anayebaki Nyumbani

Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, maskauti wa Kenya hukusanyika mjini Nyeri kwenye kaburi la Mwingereza mmoja aliyefariki dunia mwaka wa 1941. Jiwe la kaburi hilo limechorwa mviringo wenye nukta katikati, alama ambayo kwa lugha ya skauti maana yake ni kwamba aliyepita hapa amekwisha kurudi nyumbani. Huyo ni Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti ulimwenguni. Leo napenda tuyatazame maisha yake, mpenzi msomaji, si kwa ajili ya kumtukuza, bali kwa sababu aliacha urithi mmoja ambao sisi wa Kericho na Bomet tumewagawia baadhi ya watoto wetu na kuwanyima wengine. Urithi huo ni kambi.

Alizaliwa jijini London mwaka wa 1857. Baba yake, kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 3 tu, na mama akaachiwa mzigo wa kuilea jamii kubwa. Katika shule ya Charterhouse, alichokipenda zaidi ni kujipenyeza katika kichaka kilichopakana na shule, akajifunza kunyata, kufuata nyayo na kuwatazama wanyama bila wao kumwona. Mwaka wa 1876 alijiunga na jeshi akapelekwa India. Baadaye alipata sifa ya kuwafunza askari upelelezi katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi kikijitegemea.

Hatuwezi kuyasimulia maisha hayo tukaficha damu iliyomwagika Afrika. Mwaka wa 1895 alikuwa katika msafara wa kuwatiisha Waashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka wa 1896 alipigana na Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na huko akaamuru chifu mmoja aliyetekwa, Uwini, apigwe risasi. Uchunguzi ulimwondolea lawama, historia haijamwondolea. Umaarufu wake ulitokana na mji wa Mafeking, Afrika Kusini, alioulinda dhidi ya Makaburu kwa siku 217 hadi Mei 1900. Wanahistoria wangali wanabishana juu ya namna chakula kilivyogawanywa kati ya wazungu na Wabarolong waliozingirwa pamoja nao. Hata hivyo, katika mji huo aliona jambo ambalo halikumtoka moyoni: vijana wadogo walikabidhiwa kazi ya kupeleka ujumbe, wakaifanya kwa ushupavu. Akatambua kwamba mtoto akiaminiwa kazi ya kweli, hukua.

Mnamo Agosti 1907 alilijaribu wazo hilo. Aliwachukua vijana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri kutoka shule za fahari. Wengine walikuwa watoto wa watu wa kawaida kutoka miji ya Poole na Bournemouth. Aliwachanganya, akawagawa katika vikosi 4, kila kikosi chini ya kijana mwenzao. Walipika, wakafunga mafundo, wakafuata nyayo, wakasimuliana hadithi penye moto. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe la tandala alilolipata katika vita vya Wandebele. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake cha uskauti, na kabla watu hawajang'amua vizuri, vikosi vilikuwa vimechipuka kila mahali. Kenya ilivipata mwaka wa 1910.

Pembe lile latukumbusha kwamba mengi ya kambi hiyo yalitoka kwetu. Shanga za mti wanazovaa viongozi wa skauti waliohitimu, desturi iliyoanza mwaka wa 1919, ziliigwa kutoka mkufu unaosimuliwa kuwa ulikuwa wa Dinuzulu, mwana wa mfalme wa Wazulu. Wakipsigis nao walikuwa wakiwatenga vijana wao katika menjo tangu zamani, wakiwafunza uvumilivu, siri za jamii na wajibu wa mtu kwa mwenzake. Asituambie mtu kwamba kambi ya watoto ni anasa ya Wazungu.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Uskauti ulipoenea, waliojitokeza hawakuwa watoto wazima wa viungo peke yao. Walikuja vipofu, viziwi, na waliopooza wakiwa vitandani hospitalini. Katika miaka ya 1920 chama chake kilianzisha tawi maalumu la vijana hao. Baden-Powell mwenyewe, katika mwongozo aliowaandikia viongozi, alieleza kwamba walikuwa wakipata afya, furaha na matumaini ambayo hawakuwa nayo awali. Tukumbuke kwamba zama hizo mtoto mlemavu alifichwa, huko Ulaya sawa na huku.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa katika kile kikosi kidogo. Katika kundi la watoto 40, asiyeweza kukimbia husahaulika. Katika kundi la watoto 6, kila mmoja ana kazi, na kazi yake isipofanyika wote hulala njaa. Asiyesikia huwa hodari wa kupeleka habari kwa bendera na kusoma alama za njiani. Asiyeona hufunga mafundo kwa vidole, na ule mchezo wa kukumbuka vitu vilivyofunikwa kitambaa huucheza kwa kupapasa na kunusa, pengine akawashinda wenye macho. Mwenye akili nzito hujifunza kazi moja, akairudia hadi akawa fundi wake. Haihitajiki mashine yoyote. Linalohitajika ni kiongozi mwenye subira na utaratibu unaomngoja aliye nyuma.

Nilipokuwa mwanafunzi katika nchi hii ya majani chai, shule yetu ilipiga kambi uwanjani. Mwenzetu mmoja aliyelemazwa mguu na polio alipewa kazi ya kulinda viatu na mifuko yetu. Alikaa chini ya mti siku mbili nzima. Hakuna aliyemtukana; walimu walidhani wanamhurumia. Lakini mtoto huyo alijua mafundo kuliko sisi sote, na hakuna aliyemwomba afunge hata moja. Huruma ya namna hiyo ni ukuta.

Baden-Powell naye alikuwa na kuta zake. Sheria ya skauti ilisema kila skauti ni ndugu ya skauti mwingine, lakini mwaka wa 1936 aliridhia mpango wa Afrika Kusini wa kuwatenga vijana Waafrika, Wahindi na machotara katika matawi yao mbali na wazungu. Miaka miwili baadaye alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu kwenye bustani za hoteli ya Outspan, akichora wanyama na kuutazama Mlima Kenya. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Wazo lake lilikuwa pana kuliko ujasiri wake. Kazi ya waliobaki ni kulifikisha pale ambapo yeye mwenyewe hakulifikisha.

Wapo waliojaribu. Mwaka wa 1962 Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alifungua kambi ya likizo kwa watoto wa aina hiyo nyumbani kwake katika jimbo la Maryland, Marekani. Kutokana na kambi hiyo yalizaliwa mashindano ya kwanza ya Olimpiki Maalumu, jijini Chicago mwaka wa 1968. Kenya imekuwa ikipeleka wanamichezo wake katika mashindano hayo, nao wamerudi na medali. Ajabu ni kwamba tunawashangilia ugenini, ilhali likizo ya Agosti ikifika tunawasahau nyumbani.

Maana Agosti ni mwezi mgumu kwao. Shule za bweni za walemavu hufungwa, na mtoto hurudi kwa mama ambaye alfajiri yumo shambani akichuma majani chai. Nduguze huenda kwenye kambi za makanisa, za skauti na za kandanda. Yeye hubaki na mlango. Lugha ya ishara aliyoizoea shuleni haina wa kuzungumza naye, na hatua alizofunzwa kupiga hazina wa kuzihimiza. Muhula unapofunguliwa, mwalimu huanza tena mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba Kericho ni ya baridi na mvua ya mawe, hema halifai. Kweli, lakini mabweni ya shule zetu huwa matupu mwezi huo huo. Wengine watauliza gharama. Makampuni ya chai yana viwanja na kumbi. Vyuo vina wanafunzi wa elimu maalumu wanaotafuta mahali pa mazoezi. Hospitali kama Tenwek ina wauguzi. Serikali za kaunti zote mbili zina idara za vijana na michezo. Wazazi wataogopa, na wana haki ya kuogopa. Basi waalikwe kulala hapo siku ya kwanza wajionee. Wala isiwe kambi ya walemavu peke yao. Wachanganywe na wenzao kwa vikosi vya watoto sita sita, kama walivyochanganywa wana wa matajiri na wa maskini kule Brownsea.

Wiki moja haitaondoa ulemavu wa mtu. Lakini mtoto aliyewahi kuwapikia wenzake chai, wakainywa na kumwomba nyingine, hawezi kurudi nyumbani akakubali kwamba yeye ni mzigo. Hata mama yake hataamini hivyo tena. Viongozi wa skauti wa Kericho na Bomet, na walio katika ofisi za kaunti, Agosti hurudi kila mwaka. Tuambieni ni Agosti ipi mtakayoanza.