Mjane, Kopo la Mafuta na Vyombo vya Majirani

Andiko la wiki: 2 Wafalme 4:1–7

Jumapili tulisoma habari za mjane aliyemwendea nabii Elisha akilia. Mume amekufa, deni limebaki, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nyumbani hana kitu isipokuwa chupa ya mafuta. Elisha akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Mafuta yakamiminika mpaka chombo cha mwisho kilipojaa, ndipo yakakoma.

Wengi mlitoka ibadani mkizungumza juu ya mafuta. Mimi nataka turudi kwenye vyombo. Kila wiki wananijia vijana na kina mama wanaotaka niwaombee mtaji ili waanze biashara. Nawaombea, na nitaendelea kuwaombea. Lakini hebu tuulizane: Bwana akikupa mafuta leo, vyombo uko navyo? Saa ilinibana Jumapili, kwa hiyo wiki hii nawasimulia maisha ya mjane mwingine ambaye naye alikuwa na mafuta. Dunia inamjua kwa jina la Madam C. J. Walker.

ALIKOTOKA

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa katika shamba la pamba, na ndugu zake wakubwa walizaliwa utumwani. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile kuzaliwa huru. Lakini uhuru bila shamba, bila shule na bila pesa ni uhuru mwembamba sana. Alipofika miaka 7 alikuwa amefiwa na baba na mama. Akavuka mto Mississippi kwenda kukaa Vicksburg na dada yake Louvenia, ambaye mumewe alimtesa. Akiwa na miaka 14 akaolewa na Moses McWilliams ili angalau awe na kwake. Mwaka 1885 wakapata binti, Lelia. Miaka miwili baadaye Moses akafa.

Piga hesabu na wewe. Ana miaka 20, ni mjane, ana mtoto mdogo, na shule hakuipata.

Akaenda St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi, akawa dobi. Kazi hiyo ya kufua nguo za watu aliifanya kwa jumla ya miaka kama 18. Maji ya moto, sabuni kali, mgongo umeinama kutwa nzima, na ujira wa dola moja na nusu kwa siku. Kutoka kwenye senti hizo aliweka akiba mpaka akampeleka Lelia kusoma Knoxville College, huko Tennessee.

Pale St. Louis alijiunga na kanisa la St. Paul, la African Methodist Episcopal. Kina mama wa kanisa hilo walimsaidia, na walikuwemo wanawake weusi waliosoma, wanaozungumza mbele ya watu na kuendesha mambo yao. Simama hapo kidogo, mpendwa. Kanisa halikumpa mtaji. Lilimwonyesha kwamba mwanamke kama yeye anaweza kuwa mtu mwingine. Kwa hiyo Jumapili, yule dada anayefulia watu nguo akikaa kando yako, usimwangalie viatu. Msalimie vizuri, muulize habari za watoto, kisha mwalike kwenye chama chenu. Hujui ni nani umekaa naye.

KOPO LENYEWE

Shida iliyomfungulia mlango ilikuwa kichwani mwake mwenyewe. Nywele zilianza kung'oka, akabaki na vipara. Siku zile nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya mfereji, watu waliosha nywele mara chache, na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa mengi. Alijaribu dawa mbalimbali, kisha akawa wakala wa Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone, mwanamke mweusi aliyekuwa akiuza dawa zake za nywele.

Mwezi wa Julai 1905 alihamia Denver, huko Colorado, na akiba yake ilikuwa kama dola moja na nusu. Akapata kazi ya upishi, siku nyingine akafua nguo, na muda uliobaki akauza dawa ya nywele. Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua mambo ya matangazo ya magazeti. Akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe, na kwenye kopo akaandika jina jipya: Madam C. J. Walker.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliomba Mungu aziokoe nywele zake, na usiku mmoja akaota mtu mkubwa mweusi akimwonyesha vitu vya kuchanganya, vingine vya kutoka Afrika. Mimi siwezi kupima ndoto ya mtu. Lakini tuambiane ukweli. Dawa yake ilikuwa na salfa ndani ya mafuta ya mgando, na dawa za namna hiyo zilijulikana kabla yake. Malone alikuwa tayari sokoni, na wawili hao wakawa washindani. Kwa hiyo ukitafuta siri ya mama huyu ndani ya kopo, hutaipata.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanazunguka mitaani kwetu wakiuza siri. Lipa kiasi hiki, ingia kwenye kundi, leta watu wawili, na kesho umetajirika. Kina mama wamepoteza karo za watoto hivyo. Mpendwa, mtu akikuuzia siri ya utajiri, biashara yake ni wewe.

VYOMBO VISIWE VICHACHE

Sasa angalia alivyofanya kazi. Alibisha mlango kwa mlango. Alimketisha mama wa watu kwenye kiti, akamwosha nywele, akampaka dawa, akamweleza namna ya kutunza ngozi ya kichwa. Kununua kulikuja baada ya mteja kuona kwa macho yake. Biashara ilipofika dola kumi kwa siku, mumewe aliona inatosha. Yeye hakuona hivyo. Mwaka 1906 akaanza safari iliyozunguka majimbo ya kusini mwezi baada ya mwezi, huku Lelia amebaki Denver akifunga maagizo na kuyatuma kwa posta.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Mikono yake miwili isingeweza kufika kila mlango, kwa hiyo akaanza kufundisha wengine. Mwaka 1908 alifungua shule ya kazi hii huko Pittsburgh, akaiita Lelia College. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis, jiji ambako reli nyingi zilikutana, akajenga kiwanda. Waliokuja kujifunza walikuwa wafanyakazi wa ndani, madobi, wachuma pamba, hata walimu. Alivyokuwa yeye, ndivyo walivyokuwa wao. Aliwafundisha usafi, kuhudumia mteja na kutunza hesabu. Walitoka na blauzi nyeupe, sketi nyeusi na mkoba mkononi, na kufikia mwisho wa maisha yake walikuwa maelfu. Hata nje ya Marekani alikwenda: mwaka 1913 alizunguka Jamaika, Haiti, Kuba, Panama na Kosta Rika akitafuta wateja na mawakala.

Hivyo ndivyo vyombo, mpendwa. Elisha hakumwambia mjane akaazime mafuta. Alimwambia akaazime vyombo, na vyombo vilikuwa kwa majirani.

Sasa niseme na wewe mwenye saluni, mwenye duka la kushona, mwenye karakana. Yule msichana uliyemwajiri unamficha namna ya kuchanganya dawa, ati akijua atatoka afungue yake hapo ng'ambo ya barabara. Ukiugua siku tatu, duka limefungwa siku tatu. Ukienda mazishi shagi, wateja wanahamia kwa jirani. Umekaa na mafuta yako kwenye chupa moja, halafu unalia mbona hayaongezeki.

CHICAGO, 1912

Mwaka huo wafanyabiashara weusi wa Marekani walikutana Chicago chini ya chama chao, National Negro Business League. Kiongozi wao alikuwa Booker T. Washington, mtu mkubwa, mwanzilishi wa shule ya Tuskegee. Madam Walker aliomba nafasi ya kuzungumza. Akanyimwa. Mwenzake mmoja akamwombea nafasi, napo kimya. Mkutano ukaendelea, wanaume wakapeana zamu.

Siku ya mwisho hakungoja tena kuitwa. Alisimama mbele ya wote akawaambia alikotoka: mashamba ya pamba, beseni la kufulia, jikoni kwa watu, na sasa kiwanda chake alichojenga kwenye ardhi yake. Hakutukana mtu. Alisema kazi yake, akakaa. Mwaka uliofuata alirudi kwenye mkutano huo akiwa msemaji aliyealikwa.

Dada yangu, kuna kikao ambacho hutaitwa. Usinune, usisusie. Nenda na kazi yako mkononi, halafu simama.

FAIDA ILIKWENDA WAPI

Mwaka 1911, alipokuwa bado mgeni Indianapolis, alitoa dola 1,000 kwa jengo la YMCA la watu weusi. Wakati ule ilikuwa habari ya mji mzima. Agosti 1917 aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, zaidi ya wanawake 200, ndani ya kanisa la Union Baptist. Akatoa zawadi kwa waliouza zaidi. Lakini sikia hii: akatoa zawadi pia kwa waliotoa zaidi kusaidia watu wa kwao. Mwaka huohuo watu weusi walikuwa wameuawa kikatili na makundi ya wazungu huko East St. Louis, naye akaenda Ikulu ya Marekani pamoja na viongozi wa Harlem kupeleka ombi kwamba mauaji kama hayo yakomeshwe. Rais Wilson hakuwapokea. Wakaliacha ombi lao, kazi ikaendelea, na mwezi wa kufa kwake aliahidi dola 5,000 kwa NAACP kwa ajili ya vita hiyo hiyo.

Nisifiche upande wa pili, maana maisha ya mtu si tangazo. Ndoa yake na Walker ilivunjika mwaka 1912. Shinikizo la damu na figo vilimsumbua, madaktari wakamwambia apumzike, naye kila mara akarudi barabarani. Mwaka 1918 alihamia jumba lake zuri la Irvington, karibu na New York, lililochorwa na msanifu mweusi, Vertner Tandy. Alilikaa muda mfupi tu. Alifariki tarehe 25 Mei 1919 akiwa na miaka 51. Aliacha mali ya zaidi ya nusu milioni ya dola, na katika wosia akaelekeza theluthi mbili za faida ya kampuni ya siku zijazo ziende kwenye misaada. Lelia akashika uongozi.

Mfuate katika bidii. Katika suala la kupumzika, mfuate Mungu aliyeweka siku ya saba. Pressure haijali wewe ni mwenye kampuni au ni mama mboga.

WIKI HII

Nakupa kazi tatu. Kwanza, chukua karatasi uandike kilicho ndani ya nyumba yako sasa hivi: ujuzi, cherehani, simu, kipande cha shamba, watu wanaokuamini. Yule mjane alianza kwa kusema hana kitu, kisha akakumbuka chupa. Pili, chagua mtu mmoja umfundishe kazi yako, mfundishe kweli, bila kumficha. Tatu, kabla faida haijaja, amua ni nani atakula pamoja nawe.

Elisha alimwambia mjane auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza uliishia sokoni na kwenye daftari la deni. Bwana akupe mafuta, mpendwa, na akupe macho ya kuviona vyombo vitupu vilivyo mlango wa pili.

Amina.