Blasio Kigozi, Mwalimu Aliyejishtaki



Blasio Kigozi alikuwa Muganda, mdogo wa Simeoni Nsibambi. Aliacha kwao, akafika Gahini katika Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, kufundisha wainjilisti. Hakukuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mwalimu wa kanisa, mwenye bidii kwa kazi, na hapo ndipo mimi ninashangaa. Mwaka 1935 moyo ulimsumbua sana, akajitenga muda wa juma moja katika kuomba. Hakuna mtu aliyekuwa amemshtaki. Alipotoka, akaenda kwa mke wake kuomba musamaha, kisha akasimama mbele ya wanafunzi wake, akaungama na kwao pia. Mwalimu mbele ya wanafunzi! Sisi maprefe tunajua vile ni nguvu kuomba musamaha kwa wadogo.

Ile haikuwa haya. Haya inaogopa macho ya watu, inatafuta pa kujificha. Lakini hatia ya Blasio ilimpeleka kwa wale wale aliowakosea. Nyuma yake, uamsho ulipoenea Rwanda, Uganda, Burundi hata Kongo yetu, wengi walirudisha vitu walivyoiba. Machozi peke yake hayakutosha.

Mwanzo wa mwaka 1936 alikwenda Uganda, akiwa na mambo matatu ya kuweka mbele ya sinodi, la kwanza ubaridi wa kanisa. Homa ya kupe ikamshika, akafa mwezi wa Januari mbele ya kusema. Neno lake Zukuka, ndiyo kusema Amka, likachukuliwa kuwa neno la mikutano ya kanisa la Uganda nyuma yake.