Ferdinand Porsche: Jina la Fundi Si Dhamana ya Gari

Katika kila kikosi chenye magari hapakosi ubishi. Dereva mmoja ataapa kwamba hakuna gari ila la kampuni aliyoizoea, na mwenzake atamcheka, kwa kuwa yeye naye ana kampuni yake. Tangu magari ya umeme yaanze kuenea ulimwenguni, ubishi huo umezidi moto. Wako wanaoyasifu kwa wepesi na ukimya wake, na wako wanaouliza yatafanya nini betri zikiisha mahali pasipo hata kijiji. Jambo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 120, na ni watu wachache walioonja utamu na uchungu wake kama Ferdinand Porsche, fundi ambaye jina lake hata leo limo juu ya magari ya fahari.

Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, jimbo la Bohemia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria na leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa mfua bati, naye alitaka mwanawe airithi nyundo yake. Kijana alifanya kazi ya bati mchana, na jioni akasoma katika shule ya ufundi ya mji jirani wa Reichenberg. Lakini moyo wake ulikuwa katika umeme. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa amekwisha kutia taa za umeme nyumbani kwao. Kisha akaenda Vienna, mji mkuu wa dola, akaajiriwa katika kiwanda cha vyombo vya umeme. Hakuwa na shahada yoyote. Mara kwa mara alijipenyeza chuoni kusikiliza mihadhara ya uhandisi ambayo hakuwa ameandikishwa kuisoma.

Mwaka 1898 alichukuliwa na Lohner, kampuni iliyotengeneza magari ya farasi ya jumba la kifalme. Hapo ndipo alipotoa wazo lililomjulisha kwa dunia. Badala ya kuweka mota moja na kupeleka nguvu zake kwenye magurudumu kwa minyororo na gia, aliitia mota ndani ya kitovu cha gurudumu lenyewe. Gari hilo lilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, na watu wakastaajabu kuona gari lisilo na gia wala mnyororo likienda bila kelele.

Sifa ilikuwa kubwa, lakini barabara haikubali sifa. Betri za gari lile, zilizotengenezwa kwa risasi na tindikali, zilikuwa na uzito wa kilo 410, na ziliweza kulipeleka kiasi cha kilometa 50 tu. Tajiri mmoja wa Uingereza alipoagiza gari lenye mota katika magurudumu yote manne, betri peke yake zilifikia kiasi cha kilo 1,800. Chombo kilikuwa kinajibeba chenyewe kabla hakijambeba abiria. Hata hivyo, kwa kazi iliyolifaa, gari la namna hiyo lilitumika vizuri. Kikosi cha zima moto cha Vienna kililitumia, kwa kuwa gari la zima moto hukaa kituoni karibu na umeme, huondoka ghafula, huenda mwendo mfupi na kurudi.

Porsche mwenyewe alikuwa wa kwanza kukiri kasoro ya mashine yake. Katika miaka ya 1900 na 1901 alipunguza betri na kuongeza injini ya petroli ya kuzungusha jenereta, ambayo nayo iliyapa magurudumu umeme wake. Hilo ni moja ya magari ya kwanza duniani yaliyotumia petroli na umeme pamoja. Mwaka 1902, alipoitwa jeshini kwa utumishi wa akiba, alimwendesha katika gari la namna hiyo Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, wakati wa luteka. Huyo ndiye aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914, na kifo chake kikawasha Vita ya Kwanza ya Dunia.

Vita ilipozuka Porsche alikuwa mkuu wa usanifu katika kampuni ya Austro-Daimler, aliyojiunga nayo mwaka 1906. Jeshi la Austria lilikuwa na mizinga mizito isiyovutika kwa farasi. Porsche alibuni gari la kukokota ambalo injini yake ya petroli ilizalisha umeme, na umeme huo ukapelekwa kwa nyaya hadi kwenye mota zilizokuwa katika magurudumu ya matrela yake. Trela halikuvutwa tu. Lilijisukuma lenyewe, na msafara wote uliweza pia kupita juu ya reli. Mzinga wa sentimeta 38 ulivunjwa vipande na kusafirishwa kwa njia hiyo. Mwaka 1917 chuo kikuu cha ufundi cha Vienna kilimtunuku udaktari wa heshima, yeye aliyekuwa akisikiliza masomo kwa kujificha.

Baada ya vita alihamia Ujerumani kufanya kazi na kampuni ya Daimler, na mwaka 1931 akafungua ofisi yake mwenyewe mjini Stuttgart. Mwaka 1934 serikali ya Hitler ilimpa kazi ya kubuni gari rahisi la watu wote, yaani Volkswagen. Wananchi kiasi cha 336,000 waliweka akiba kidogo kidogo kwa kununua stampu ili walipate gari hilo. Walilipia jina kabla ya kuliona gari, na wakati wote wa utawala ule hakuna hata mmoja wao aliyelipata. Kiwanda kiligeuzwa cha vita, na ndani yake maelfu ya mateka na wafungwa wa kambi za mateso walifanyishwa kazi kwa nguvu. Porsche, aliyekuwa amejiunga na chama cha Wanazi mwaka 1937, alikuwa miongoni mwa wakuu wa kiwanda hicho. Ustadi wake hauifuti aibu hiyo.

Katika miaka hiyo ya vita alijenga vyombo viwili ambavyo askari yeyote atanufaika kuvilinganisha. Cha kwanza ni gari dogo la jeshi lililotokana na Volkswagen na kuitwa Kübelwagen. Lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na wakuu wengine walilidharau. Lakini lilikuwa jepesi hata askari wachache waliweza kulinyanyua kutoka matopeni, na injini yake ilipozwa kwa hewa. Katika jangwa la Afrika ya Kaskazini halikuwa na maji ya kuchemka, na katika baridi ya Urusi halikuwa na maji ya kuganda. Yalitengenezwa magari ya aina hiyo kiasi cha 50,000.

Chombo cha pili kilikuwa kifaru kizito, na hapa Porsche alirudia mapenzi yake ya ujana: injini mbili za petroli kuzungusha majenereta, na mota za umeme kuvuta minyororo. Hitler alimpenda Porsche, na Porsche mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya vifaru. Basi kwa kuliamini jina lake, viunzi vya vifaru hivyo vilianza kutengenezwa kabla majaribio hayajakwisha. Tarehe 20 Aprili 1942, siku ya kuzaliwa kwa Hitler, kifaru chake kilisimamishwa mbele ya kiongozi huyo pamoja na kile cha kampuni ya Henschel, kilichokuwa na gia za kawaida. Majaribio yakafichua mambo. Injini za Porsche zilipata moto na kuharibika, kifaru kilizama katika ardhi laini, na mitambo yake ya umeme ilidai shaba nyingi ambayo nchi haikuwa nayo. Henschel wakashinda, na hata upendeleo wa mtawala haukuweza kuigeuza hukumu ya matope.

Viunzi kiasi cha 90 vilivyokwisha kutengenezwa vilifungwa mizinga ya milimeta 88 na kupewa jina la Ferdinand, yaani jina la fundi mwenyewe. Vilipelekwa katika mapigano ya Kursk, Julai 1943. Kwa mbali vilipiga vifaru vingi vya Warusi, lakini vilikuwa na uzito wa tani 65; kilichokanyaga bomu la ardhini au kuharibika mtambo kilikuwa shida kukikokota. Tena havikuwa na hata bunduki moja ya rashasha ya kuwazuia askari wa miguu waliovisogelea.

Mwaka 1945, baada ya vita, Porsche alikamatwa na Wafaransa, akakaa kizuizini hadi Agosti 1947. Alifariki mjini Stuttgart tarehe 30 Januari 1951. Volkswagen yake ya mgongo wa mviringo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2003, na jumla yake ikapita milioni 21. Hata madereva wa Afrika ya Mashariki waliijua vizuri, kwani ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, katika vumbi na matope ambayo hayamjui mtengenezaji.

Wazo lake la umeme nalo halikufa. Mwaka 1971 Wamarekani waliendesha mwezini gari lenye mota katika kila gurudumu, na mwaka 2019 kampuni yenye jina la Porsche ilianza kuuza gari linalotumia umeme mtupu. Wazo lililozamishwa na uzito wa betri na uhaba wa shaba limepata betri bora na kazi zinazolifaa.

Basi, ndugu askari, ubishi wa magari utakapoanza tena kambini, tuyakumbuke magari ya mtu huyu. Mkono uliotengeneza Kübelwagen ndio uliotengeneza Ferdinand. Anayechagua gari la doria au la kubeba majeruhi aulize litakwenda umbali gani, litapata wapi mafuta au umeme, nani ataweza kulitengeneza, na likikwama litatolewaje. Maswali hayo huulizwa kabla ya safari, kwa sababu uhai wa askari waliomo ndani hautegemei nembo iliyobandikwa mbele ya gari.