Askofu Frank Weston na Wapagazi wa Kariakoo

Mwezi wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu. Ndiyo maana tumechagua maisha ya askofu aliyefariki Siku ya Marehemu Wote, Novemba 2, 1924. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar. Hata hivyo, habari zake zinatuhusu sisi wa Magomeni kwa sababu zimepita jirani kabisa na kwetu, Kariakoo.

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akasoma teolojia Oxford. Baada ya kupewa daraja alihudumu katika mtaa wa maskini mashariki ya London. Mwaka 1898 alifika Zanzibar, akafundisha na baadaye kukiongoza chuo cha Kiungani, kilichoanzishwa kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani. Mwaka 1908 aliwekwa wakfu kuwa askofu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, Waingereza walikuwa na bunduki na manowari, lakini tatizo lao kubwa lilikuwa chakula. Meli za kivita ziliweza kuuteka mji wa pwani, kama zilivyofanya Bagamoyo Agosti 1916. Bara haziwezi kufika. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na magari yalizama katika matope. Ukabaki mgongo wa mtu.

Hebu tupige hesabu. Mpagazi akibeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, akienda safari ya siku kumi na kurudi, atakuwa amekula kilo 20 njiani. Askari aliye mbele anapata kilo tano tu! Ndiyo sababu jeshi lilihitaji wapagazi wengi kuliko askari, na kadiri lilivyosonga mbele lilihitaji wengine zaidi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walilishwa unga wasiouzoea na usioiva vizuri, wakalala kwenye mvua. Kuhara, malaria na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi.

Mwaka huo wa 1916 wapagazi walitakiwa pia kutoka Zanzibar. Askofu Weston hakukubali watu wake wapelekwe na kuachwa mikononi mwa wageni. Alijitolea kuwaongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu katika msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Dar es Salaam. Mji ulijisalimisha Septemba 4. Baadaye eneo la soko lililojengwa na Wajerumani likageuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza. Midomo yetu ikalifanya jina hilo Kariakoo.

Hapa tusimpambe. Askofu huyu aliitumikia vita ya wakoloni, na wapagazi wake walilisha jeshi la nchi yake. Mwaka 1918 alichapisha waraka wa kuushutumu utawala wa Wajerumani kwa ukatili wao. Mtu angeweza kusema ni kawaida, kila mmoja huona kosa la adui.

Lakini vita ilipokwisha, macho yale yale yaliigeukia nchi yake. Mwaka 1919 serikali ya Kenya iliwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua himizo la chifu lina maana gani. Viongozi kadhaa wa makanisa waliona mpango huo unaweza kukubalika ukirekebishwa. Weston alikataa katakata. Mwaka 1920 alichapisha kitabu kidogo, akawaeleza Waingereza kwamba kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine ni utumwa, hata ukiitwa jina jingine. Mwaka 1921 serikali ya London iliwakataza maofisa wake kuwatafutia walowezi vibarua.

Mwaka 1923, mbele ya umati mkubwa London, aliwafundisha waamini wenzake kwamba anayemwabudu Yesu katika tabernakulo hana budi kumtafuta pia katika maskini anayenyonywa. Mwaka uliofuata alifariki Hegongo, akazikwa Magila, Muheza.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba mtu ni lengo, wala si chombo. Papa Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mfanyakazi si mtumwa. Mafundisho haya ni rahisi kuyaandika katika mtihani. Ugumu unakuja pale anayenyonya anapokuwa mtu wa upande wetu: ndugu, mwajiri wetu, au sisi wenyewe tunapobishana na kijana wa mkokoteni mpaka tumpunguzie ujira wake halali.

Rekodi rasmi za Waingereza ziliandika zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa; wanahistoria wengi wanakadiria karibu 100,000. Wale waliotumikia upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa vizuri. Sanamu yetu ya Askari katikati ya jiji inamwonyesha mwenye bunduki. Mpagazi anatajwa katika maandishi tu. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala mtu wa kuwataja katika nia ya Misa. Basi, tuwataje sisi. Raha ya milele uwape, ee Bwana.